Zebaki Iliyobaki Sakafuni

Kipimajoto kimevunjikia mdomoni mwa mtoto. Amekiuma, kioo kimekatika, na ule uzi wa rangi ya fedha uliokuwa ndani haupo tena. Mmoja anamtia kidole kooni ili atapike. Mwingine anakuja mbio na maziwa. Wa tatu yuko nje anatafuta usafiri. Anayebaki nyumbani anashika ufagio, anafagia vipande vya kioo pamoja na vitone vinavyong'aa, na vitone vinakimbia mbele ya ufagio: vingine chini ya kitanda, vingine kwenye nyufa za sakafu, vingine ndani ya zulia.

Wiki kadhaa sasa picha hii haiondoki kichwani mwangu. Kila aliyemo amehangaika kwa upendo, na karibu kila mmoja amehangaikia mahali pasipo na hatari.

Zebaki aliyoimeza mtoto itapita. Iliyofagiwa ndiyo itakayomwumiza.

Mdomo si mlango wake

Zebaki ya kipimajoto ni metali tupu iliyo katika hali ya kimiminika. Ikimezwa, tumbo na utumbo hufyonza chini ya asilimia 0.01 yake, na inayobaki hutoka na choo. Kipimajoto cha homa huwa na gramu 0.5 hadi 1.5 hivi. Daktari atakagua midomo na ulimi kama kuna kioo, huenda akapiga eksirei, kisha atamruhusu mtoto. Wa kufuatiliwa kwa karibu ni mwenye utumbo uliotoboka, au yule ambaye eksirei inaonyesha zebaki imekwama, hasa kwenye kidole tumbo.

Kumtapisha ndiko kunakozua hatari ambayo haikuwepo. Kinachotapikwa kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na kioo kilichoshuka salama kikakata koo wakati wa kupanda.

Zebaki hiyohiyo ikigeuka mvuke, habari ni nyingine kabisa. Mapafu huchukua karibu asilimia 80 ya mvuke unaovutwa. Kutoka hapo huingia kwenye damu, hupenya kizuizi kinachoulinda ubongo, hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Ikishafika ndani ya seli hubadilishwa umbo, na kwa umbo hilo jipya kutoka si rahisi kama ilivyokuwa kuingia.

Kwa hiyo mtu anaponiambia "sumu ya zebaki", siulizi kwanza dawa. Nauliza zebaki ipi, imeingilia wapi, na je, bado inaingia?

Hesabu ya chumba kimoja

Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, dari mita 2.5. Hizo ni mita za ujazo 30 za hewa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa hewa ya kuvutwa mwaka mzima ni mikrogramu 1 ya zebaki kwa kila mita ya ujazo. Hewa yote ya chumba hicho, basi, inatakiwa iwe na mikrogramu 30 tu.

Gramu moja ya zebaki ni mikrogramu 1,000,000.

Sasa angalia kitone kimoja chenye upana wa milimita 1, ambacho ufagio umekisahau pembeni. Zebaki ni nzito mara 13.5 kuliko maji, kwa hiyo kitone hicho kina uzito wa miligramu 7 hivi. Peke yake kinabeba zaidi ya mara 200 ya kile kinachotakiwa kuwa kwenye hewa ya chumba kizima. Hakitoi vyote kwa siku moja. Hutoa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, na joto likipanda hutoa zaidi.

Ufagio unaongeza tatizo kwa njia isiyoonekana. Kitone cha milimita 1 kikipasuliwa kuwa vitone 1,000 vya sehemu moja ya kumi ya milimita, uzito ni uleule, lakini eneo linalogusana na hewa limekuwa mara 10. Jicho linasema pamekuwa safi. Hewa inapokea mvuke mwingi kuliko kabla ya kufagia.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na ni mzito kuliko hewa. Mtoto anayetambaa anapumulia palepale ulipo, na kwa kila kilo ya uzito wake anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima.

Sakafu kwanza

Zebaki ikimwagika, watoto, wajawazito na wanyama watoke kabla ya jambo lingine lolote, na viatu vilivyokanyaga hapo vibaki palepale. Mlango wa kuingilia vyumba vingine ufungwe, madirisha ya nje yafunguliwe. Feni, kiyoyozi na kipasha joto vizimwe. Vua pete na bangili, kwa kuwa dhahabu hushikana na zebaki papo hapo. Vaa glavu za mpira.

Vipande vya kioo vikiokotwa, chukua kadi mbili ngumu na sukuma vitone polepole kuelekea kimoja hadi viungane. Vinyonye kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kwa kitonesha dawa. Kisha zima taa, weka tochi karibu ilale sakafuni, mwanga wake ukimbie sambamba na sakafu: hapo vitone vilivyojificha vitang'aa kama nukta. Vile vidogo kabisa vinanaswa kwa utepe wa gundi. Unga wa salfa ukinyunyizwa kwenye nyufa hushikana na mabaki na kupunguza mvuke wake. Kila kitu, pamoja na glavu na kadi, kiingie kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana, kikabidhiwe kwa mamlaka zinazoshughulikia taka za sumu.

Mashine ya kufyonza vumbi ndiyo kosa baya kuliko yote. Inaipasha zebaki joto, inaisaga, inaitapika hewani kwa nyuma, na yenyewe inabaki chanzo kila itakapowashwa. Nguo iliyoingiwa na zebaki isitiwe kwenye mashine ya kufulia. Zulia likatwe sehemu iliyomwagikiwa, lifungwe kwenye mfuko, litoke. Usimwage chochote kwenye sinki, kwa sababu zebaki hukaa kwenye kona ya bomba na kuendelea kutoa mvuke. Chumba kiachwe wazi kwa saa 24 au zaidi.

Hayo ni ya kipimajoto kimoja. Mashine ya zamani ya kupimia presha inaweza kuwa na gramu 100 hivi. Hiyo usiiguse: funga mlango, ondoka, ita wataalamu wenye kifaa cha kupima mvuke.

Mikono ya waridi

Miezi miwili imepita. Mtoto hacheki tena. Hataki kula, hapati usingizi, anajikunyata, anafunika macho mwanga ukiwaka. Jasho linamtoka hata akiwa amelala. Viganja na nyayo vimekuwa vyekundu kama waridi, vinawasha, vinauma, ngozi inabanduka kwa vipande. Misuli imelegea hadi aliyekuwa anatembea anaomba kubebwa. Mapigo ya moyo yanakwenda mbio, na presha, ambayo wengi hawaipimi kwa mtoto, iko juu sana.

Ugonjwa huo unaitwa akrodinia, na ukishausoma mara moja huusahau.

Tatizo ni kwamba wengi hawajawahi kuusoma. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita ulijaza wodi za watoto Ulaya, Marekani na Australia, na wazazi waliambiwa ni virusi au upungufu wa vitamini. Mwaka 1948 Josef Warkany na Donald Hubbard walionyesha zebaki kwenye mkojo wa watoto hao. Ilitoka kwenye unga wa kalomeli, chumvi ya zebaki waliyopakwa kwenye fizi wakiota meno. Uingereza iliondoa unga huo mwaka 1954 na ugonjwa ukatoweka karibu wote. Ukatoweka na kwenye kumbukumbu za madaktari.

Jambo moja lilichelewesha ukweli, na linachelewesha hadi leo: katika watoto waliopewa kalomeli, inakadiriwa ni karibu mmoja tu kati ya 500 aliyeugua hivi. Ndugu wawili wanalala chumba kimoja, mmoja anabanduka ngozi, mwenzake anacheza. Mzazi anauliza, ingekuwa sumu si wangeugua wote? Hapana. Mwili wa mtoto mmoja unaweza kuitikia hivyo na wa mwenzake usiitikie, ila mkojo wa wote wawili upimwe.

Presha hii ina mtego wake. Zebaki inazuia kimeng'enya kinachovunja adrenalini na jamii yake, kwa hiyo homoni hizo hujaa. Daktari akizipima akazikuta juu, atawaza uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo, na mtoto ataanza safari ndefu ya picha za tumbo. Wengine huwaza ugonjwa wa Kawasaki kwa sababu ya ngozi inayobanduka, ingawa Kawasaki huja na homa kali ya siku 5 au zaidi. Swali la kukata njia hiyo yote ni fupi: kuna kitu chenye zebaki kilichovunjika nyumbani, au kuna krimu anayopaka mtu?

Kwa mtu mzima, angalia mwandiko

Mvuke ukivutwa mwingi kwa mara moja, mfano mtu amechoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki ndani ya chumba, dalili huja ndani ya saa chache: homa, baridi, kikohozi kikavu, kifua kubana, ladha ya chuma mdomoni. Inafanana na mafua makali au nimonia, na antibiotiki haigusi chochote. Kinachohitajika ni oksijeni na kitanda cha hospitali, kwa kuwa mapafu yanaweza kujaa maji siku ya pili au ya tatu. Kwa watoto wadogo mapafu huweza hata kupasuka na kuvujisha hewa kifuani.

Mvuke kidogo kwa muda mrefu huja kwa sura nyingine. Fizi zinavimba, mate yanajaa. Vidole vinaanza kutetemeka, kisha kope, kisha midomo. Mpe mtu karatasi achore duara linalozunguka kutoka katikati kwenda nje, halafu weka tarehe. Rudia kila mwezi. Mstari uliokuwa laini utaanza kuwa na meno kama msumeno, na huo ni ushahidi usiohitaji maabara.

Kinachoniuma zaidi ni tabia inayobadilika. Mtu anakuwa mwenye haya isiyo ya kawaida, anakwepa watu, anakasirika kwa jambo dogo, anasahau, hapati usingizi. Familia inasema amebadilika. Wachache watauliza anafanya kazi gani.

Chumvi, na kopo la krimu

Chumvi za zebaki hupitia utumbo na ngozi, na kiungo zinachokiumiza zaidi ni figo. Kloridi ya zebaki ikimezwa huunguza koo na tumbo papo hapo, huleta matapishi na choo cha damu, na figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Gramu 1 hadi 4 zinatosha kumwua mtu mzima. Hapa hakuna kutapisha kamwe. Ni hospitali mara moja, maji mengi ya mishipani, na dawa ya kukamata metali ianze mapema kabla majibu ya maabara hayajarudi.

Krimu za kung'arisha ngozi hupitia mlango wa polepole. Zebaki huzima kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi, ndiyo maana "zinafanya kazi". Kwenye kopo, ukibahatika kukuta maandishi, tafuta kalomeli, kloridi ya zebaki, amonia ya zebaki, au herufi Hg. Makopo mengi hayasemi. Dalili ya kwanza huwa uso kuvimba asubuhi, mkojo wenye povu lisilokatika, miguu kujaa. Ni protini inayovuja kwenye figo.

Na krimu haibaki kwa aliyeipaka. Iko kwenye taulo, kwenye mto, kwenye mashavu anayobusu mtoto, na hutoa mvuke ndani ya nyumba. Mtoto ambaye hajawahi kupakwa anaweza kuwa na zebaki nyingi kwenye mkojo. Kuna watu wanaoogopa kusema kwamba wanajichubua, kwa hiyo swali liulizwe faraghani na bila kulaumu, la sivyo jibu litakuwa hapana.

Ile inayochelewa

Methilizebaki, yaani zebaki iliyoungana na kaboni, hupitia chakula, na utumbo huifyonza karibu yote, asilimia 95 hivi. Hujilimbikiza kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama papa na nduaro. Imeshikana na nyama yenyewe, kwa hiyo kuosha, kukaanga au kutoa mafuta hakuiondoi. Nusu ya iliyomo kwenye damu huchukua siku 50 hivi kutoka.

Sura yake: ganzi kuzunguka mdomo na kwenye ncha za vidole, kisha kuyumba, maneno kukwama, masikio kufifia, na upeo wa macho kusinyaa hadi mtu anaona kama anachungulia kwenye bomba. Kati ya kula na kuugua hupita wiki au miezi. Irak, mwaka 1971 na 1972, familia zilioka mkate kwa nafaka ya mbegu iliyotiwa dawa ya kuvu yenye methilizebaki. Walikula, wakaona hakuna lililotokea, wakaendelea kula. Waliolazwa hospitalini walikuwa zaidi ya 6,500, waliofia humo 459.

Minamata, Japani, ambako ugonjwa huu wa methilizebaki ulitangazwa rasmi tarehe 1 Mei 1956, ilifundisha jambo ambalo wengi hawakuliamini. Akina mama wenye dalili ndogo au wasio nazo walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika vibaya. Familia huko zilikuwa na desturi ya kukausha na kuhifadhi kitovu cha mtoto. Miaka baadaye vitovu hivyo vilipimwa, na zebaki ilikuwamo.

Mwaka 1996 mwanakemia Karen Wetterhahn wa Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethilizebaki, ndugu wa methilizebaki, juu ya glavu. Majaribio ya baadaye yalionyesha kemikali hiyo hupenya glavu za aina ile ndani ya sekunde chache. Dalili zilianza miezi 5 hivi baadaye. Damu yake ilikutwa na mikrogramu 4,000 kwa lita. Alipewa dawa, zebaki ikatoka kwa wingi kwenye mkojo, na bado alifariki Juni 1997.

Hapo ndipo shaka yangu kuhusu dawa ilipoanza.

Damu au mkojo?

Kwa mvuke na chumvi, pima mkojo wa saa 24, au wa mara moja ukilinganishwa na kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo. Watu wengi wako chini ya mikrogramu 5 kwa lita, na 20 kwenda juu inataka maelezo. Kwa methilizebaki pima damu nzima, kwa sababu imejificha kwenye chembe nyekundu, na asilimia 90 hivi hutoka kwa njia ya choo. Mkojo wake unaweza kuonekana safi na mtu akaambiwa hana kitu. Nywele huweka kumbukumbu ya miezi, takriban sentimita 1 kwa mwezi.

Mirija ya kuchukulia sampuli iwe ile isiyo na metali. Aliyekula samaki siku chache kabla atakuwa na damu iliyopanda bila kuugua, kwa hiyo maabara itenganishe aina za zebaki.

Kuna kipimo kimoja ninachoomba watu wakikatae: kupewa dawa ya kukamata metali kwanza, kisha kukojoa, halafu kulinganishwa na watu ambao hawakupewa dawa. Dawa hutoa zebaki kidogo kwa kila binadamu. Majibu yatapanda kwa yeyote, na mtu mzima wa afya ataondoka na jina la ugonjwa na ratiba ya matibabu asiyoyahitaji.

Dawa, baada ya chanzo

Tiba ya kwanza ni kumtoa mgonjwa kwenye zebaki, au zebaki kwa mgonjwa. Kumpa mtoto dawa huku anarudi kulala chumba kilekile ni kuteka maji kwenye mtumbwi bila kuziba tundu.

Dawa inayotumika zaidi kwa mdomo ni DMSA. Daktari huanza na miligramu 10 kwa kila kilo, kila saa 8 kwa siku 5, kisha kila saa 12 kwa siku 14, halafu mapumziko ya wiki 2 na kupima upya. Mtoto wa kilo 20 anapata miligramu 200, yaani kapsuli mbili za 100. Hunuka kama yai bovu. Kapsuli hufunguliwa na kunyunyizwa kwenye chakula laini, na chakula hicho kiliwe chote. Chembe nyeupe za damu na vimeng'enya vya ini vipimwe kila wiki. Pale DMPS, dawa nyingine ya jamii hiyo, inapopatikana, hupendelewa kwa chumvi, hasa kwa sindano, maana tumbo lililoungua halipokei dawa.

BAL ni ya zamani, ya kuchomwa kwenye msuli, na nafasi yake ni sumu kali ya chumvi pale DMPS haipo. Imeyeyushwa kwenye mafuta ya karanga, kwa hiyo ulizia mzio. Kwa methilizebaki na kwa mvuke isitumike, kwani inaweza kuisukuma zebaki kwenda kwenye ubongo. EDTA, nayo dawa ya kukamata metali, haina kazi hapa. Nchini Marekani, kati ya 2003 na 2005, watu watatu, wawili wakiwa watoto, walikufa baada ya matibabu ya kuondoa metali kushusha kalisi yao.

Nirudi kwenye shaka. Mtoto wa akrodinia hupona kwa wiki au miezi. Presha inatibiwa yenyewe kama presha, maumivu kama maumivu. Aliyeacha krimu mapema, figo zake mara nyingi hurudi. Ila kwa methilizebaki namba za damu hushuka na mtu habadiliki, kwa sababu seli za ubongo zilizokufa hazikungoja dawa. Mzazi anayeulizwa kama aanze dozi anastahili kuelezwa hivyo waziwazi, kabla ya kapsuli ya kwanza.

Kabla hajarudi chumbani

Mkojo hurudiwa wiki 2 baada ya dozi kuisha, maana zebaki iliyofichama kwenye viungo hurejea kwenye damu na namba zikapanda tena. Kupanda kidogo ni kawaida. Kupanda sana kunamaanisha kuna kitone bado kiko mahali.

Chumba nacho kipimwe. Madirisha yafungwe kwa saa kadhaa, joto liwe la kawaida ya kuishi, kisha kifaa kishushwe hadi kimo cha pua ya mtoto aliyekaa sakafuni. Kipimo kilichochukuliwa kwenye kimo cha mtu mzima aliyesimama, dirisha likiwa wazi, hakijasema chochote juu ya hewa atakayovuta yeye.